Ubao wa Funguo: Mlango wa Mama Chechele

Tulimwacha Fundi kwenye ngazi, msomaji, mguu mmoja juu na mwingine bado unasitasita, tupa lake la kuchongea funguo kalishika kama panga. Uchochoro mzima umeshahama. Madirisha yametolewa, vibaraza vimebaki vitupu. Na bado, juu kabisa, ndani ya chumba alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe, mtu alikuwa anatembea.

Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka.

Akatokea mwanamke asiyemfahamu. Kofia ngumu ya ujenzi kichwani, viatu vimejaa vumbi, mkononi tepu ya kupimia.

"Simama hapo hapo!" Fundi akafoka.

"Nimesimama."

"Usisogee!"

"Nisogee niende wapi, na wewe umeziba ngazi?"

Ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba wawili wakikutana, lazima mmoja arudi alikotoka.

"Umeingiaje humu? Kitasa hicho nilikifunga mimi, na ufunguo ninao mimi. Wewe ni mwizi, au ni jini?"

"Mwizi wa nini, na chumba hakina hata kigoda?" Mgeni akanyoosha mkono. "Niliingia kwa huu."

Kiganjani palikuwa na ufunguo uliochakaa, umefungwa uzi wa sufu mwekundu.

Fundi aliuchukua, akaugeuza kwenye mwanga. Kila ufunguo aliouchonga maishani mwake aliutia alama shingoni, mkwaruzo mdogo wa tupa, kama ukucha wa mtoto. Kidole gumba kikaitafuta alama. Kikaikuta.

Tupa likashuka lenyewe.

Ufunguo kama huo aliwahi kumchongea mtu mmoja tu: kitoto cha mshonaji wa ghorofa ya juu, kilichokuwa kikisahau kila kitu, hata viatu vyake mlangoni mwa watu. Mama yake akakivalisha ufunguo shingoni kwa sufu nyekundu, na uchochoro mzima ukakipa jina.

"Chechele?"

"Shikamoo, mjomba," akasema yule mgeni akiupokea tena ufunguo wake, na kofia yake ngumu ikamteremkia machoni.

*

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, ajue jambo moja. Kwenye uchochoro ule, kila aliyekuwa na mlango alikuwa na ufunguo wa akiba kwa Fundi. Ulitundikwa kwenye ubao wa misumari nyuma ya meza yake ya kazi. Aliyejifungia nje alikwenda kwa Fundi. Aliyesafiri alimwacha Fundi amwagilie maua. Na mtu alipohama, Fundi aliutoa ufunguo kwenye msumari na kumkabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono. Hakumpa shemeji, wala jirani, wala dereva wa gari la mizigo. Huo ndio uliokuwa utaratibu.

Tangu tangazo la mradi litoke, misumari ilikuwa ikibaki mitupu, mmoja mmoja. Fundi hakuwahi kuoa. Watu walisema uchochoro ndio uliomwoa. Sasa mke alikuwa akiondoka kidogo kidogo.

Ulikuwa umebaki ufunguo mmoja tu ubaoni, na asubuhi ile Fundi aliutia mfukoni. Ni wa Mama Chechele, mshonaji. Magoti yalimshinda ngazi, binti yake akamchukua kabla ya wengine wote, lakini ufunguo alikataa kuupokea.

"Siku ya mwisho nitakuja nifunge mlango wangu mwenyewe," alimwambia Fundi. "Uwepo, unikabidhi. Niahidi."

"Nimekuahidi, dada. Kwani nitakuwa wapi tena?"

Siku ya mwisho ndiyo hiyo. Adhuhuri walinzi wangefunga mdomo wa uchochoro. Kesho yake, tingatinga.

Na siku hiyo hiyo, ukumbini, barabara ya pili tu, mafundi wa uchochoro walikuwa wakipigiwa kura ya bahati nasibu ya vyumba vya biashara kwenye jengo jipya. Sharti lilikuwa moja: jina lako likiitwa, uwepo mwenyewe. Usipokuwepo, nafasi inakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana Fundi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, la kwanza tangu msimu uliopita. Alipanga amkabidhi Mama Chechele ufunguo asubuhi mapema, kisha akimbilie ukumbini.

*

"Umekuwa mkubwa, mwanangu! Mama yuko wapi? Umemwacha garini? Mwambie asipande peke yake, nitamshika mkono."

Chechele alikuwa anaikunja tepu, taratibu mno.

"Na hiyo kofia? Umeajiriwa na watu wa mradi?"

"Mjomba, mimi si kwamba nimeajiriwa nao tu." Akameza mate. "Ramani ya hapa nimeichora mimi."

Fundi alimwangalia kana kwamba amesikia vibaya.

"Ramani ipi?"

"Barabara. Jengo. Kila kitu."

"Wewe?" Sauti ya Fundi ilishuka badala ya kupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wewe uliyejifunza kutembea ukishika kuta hizi? Kila mlango hapa umekulisha. Nimekutafuta mara ngapi, umelala chini ya meza yangu, mama yako analia juu? Na katika dunia nzima hukuona pa kuchora mstari wako ila juu ya kichwa cha mama yako?"

"Unaikumbuka siku baba alipoanguka?"

"Usibadilishe maneno."

"Sijabadilisha. Unaikumbuka?"

Fundi akakaa kwenye ngazi. Angesahauje?

"Watu wote walitoka," akasema. "Kinyozi alimwacha mteja kanyolewa upande mmoja. Mwalimu alitoka na sabuni mwilini, kajifunga shuka. Hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Tulimbeba baba yako kwenye kiti, huyu akichoka anapokea yule, mpaka nje. Mwanangu, mimi nimeishi kwa siku ile. Nikikata tamaa na watu, naikumbuka."

"Mimi pia naikumbuka. Nilikuwa mbele, napiga kelele, pisheni, pisheni. Gari la wagonjwa naliona lilipo, kule mdomoni, taa inazunguka, haliwezi kuingia. Na watu wote, kwa mapenzi yao yote, wamejaa njiani." Chechele akaweka kiganja ukutani, kwenye kona ya ngazi, palipokuwa na chubuko refu la plasta. "Hapa ndipo kiti kilipokwama. Baba alikuwa ananiangalia. Mlipofika kwenye gari, hakuwa ananiangalia tena."

Fundi alilipita chubuko lile kila siku. Siku zote alidhani ni la kabati.

"Ndicho nilichokuja kupima leo," Chechele akasema. "Kona hii. Ngazi zangu, mjomba, machela inageuka bila kugusa ukuta. Na barabara yangu, gari la wagonjwa linafika mlangoni. Wenzangu wananiambia nimezifanya pana mno, zinakula nafasi. Sijawahi kuwaambia kwa nini."

Fundi alisugua magoti yake. Hasira ilikuwa bado ipo, ila haikujua tena imwendee nani.

"Umechora vizuri," akasema mwishoni. "Sikatai. Lakini kwenye ngazi hizo pana, siku mtu akianguka, nani atatoka na sabuni mwilini?"

Chechele akainamisha kichwa.

"Hilo sikujua nilichore vipi."

*

Kwa mbali kipaza sauti kilikohoa. Ukumbini walikuwa wakikijaribu. Fundi akakumbuka saa.

"Haya. Tutagombana vizuri siku nyingine. Kamlete mama tumalize, mimi nina kura."

"Mama haji."

"Anaumwa?"

"Haumwi." Chechele akavua kofia, akaishika mbele yake kama mtu aliyeingia msibani. "Anadhani hapa pameshavunjwa. Nilimwambia hivyo mimi."

Fundi akanyanyuka.

"Ulimwambia nini?"

"Usinikaripie, mjomba! Hujui tunavyokaa. Nyumba nzuri, lifti ipo, maji yanapanda mpaka juu. Na mama anashinda dirishani. Milango yote inafanana, yote imefungwa. Hakuna hata mmoja anayejua jina lake. Kila nikirudi kazini ananiuliza: kinyozi kahama? Mwalimu kapata chumba? Fundi anakula wapi? Kila siku. Na mimi ndiye niliyewahamisha! Siku moja nikachoka, nikamwambia, mama, pameshakwisha, pamevunjwa. Nilidhani atalia, halafu atapoa."

"Akalia?"

"Hakulia. Alikwenda akafunika cherehani yake na shuka. Hajaifunua mpaka leo."

Sasa msomaji, yupo mtu hapo angemlaumu Fundi kama angeitikia kwa kichwa, akashuka zake ngazi na kwenda ukumbini? Aliyeahidiwa hajui kama ahadi bado iko hai. Hasubiri. Hatauliza. Mlango wenyewe kesho ni kifusi.

Hata Chechele aliliona hilo.

"Nipe ufunguo wa mama," akasema kwa upole. "Nitamkabidhi nyumbani, taratibu. Wewe wahi kura. Wakikuita hupo, sitaweza kukusaidia. Lile sharti la kufika mwenyewe nililipendekeza mimi, ili wakubwa wasijichukulie vyumba kwa majina ya watu. Siwezi kulivunja kwa sababu nakuita mjomba."

"Ni sharti zuri."

"Basi nipe."

Fundi akatoa ufunguo mfukoni. Chechele akakinga mkono. Umbali kati ya mikono miwili ulikuwa mdogo sana, na upande wa pili wa umbali huo kulikuwa na meza ya kazi, na dirisha jipya, na kinyozi upande mmoja na mshona viatu upande mwingine, na sauti za watu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Akaurudisha mfukoni.

"Unakabidhiwa mwenyewe."

"Mimi ni mwanawe!"

"Wewe una wako."

"Mjomba, hata hajui kama unamsubiri!"

"Mimi najua."

Chechele akapita ubavuni pake kwa kujibana, kama walivyopita watu wote kwenye ngazi zile, akashuka. Hakusema anakwenda wapi. Mlio wa gari ulisikika mdomoni mwa uchochoro, ukapungua, ukaisha.

*

Fundi alikaa kwenye kibaraza cha karakana yake.

Hajawahi kusikia uchochoro ukinyamaza hivyo. Mfereji wa pamoja ulikatwa, hata ule mdundo wake wa matone haukuwepo. Paka mmoja alipita, akamtazama Fundi, akaona hakuna mtu, akaendelea na safari.

Hakujua kama Chechele amekwenda kumleta mama yake au amerudi kazini kwa hasira. Hakumuuliza. Na sasa hakuwa na wa kumuuliza.

Kipaza sauti kikaanza.

"Mshona viatu!" Kelele, vigelegele. Fundi akatabasamu peke yake.

"Kinyozi wa kona!" Makofi tena. Sauti ya kinyozi ikasikika hadi uchochoroni, anapiga kelele kama aliyepata mtoto.

Fundi akatazama mdomo wa uchochoro. Mlinzi alikuwa anapanga mabati ya kuufungia. Hakuna mtu mwingine.

"Mchonga funguo!"

Alishtuka akasimama, kama mtu yeyote anavyosimama akiitwa. Alikuwa amesimama wima, shati lake la pasi limenyooka, mbele ya nyumba tupu.

"Mchonga funguo! Yupo?"

Kutoka pale hadi ukumbini ni mwendo wa kukimbia kidogo. Hata kwa miguu yake. Angewahi. Angeingia anahema, angesema nipo, wangemcheka, wangempa.

Na kama Mama Chechele angefika wakati huo? Angekuta nini? Kibaraza kitupu, mlinzi, mabati. Angejua ya kwamba ni kweli, pameshakwisha.

Fundi akakaa.

"Mchonga funguo, mara ya mwisho! Au umejifungia ndani, mzee?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu anaowapenda, alimtambua kila mmoja kwa sauti yake, na hakuna hata mmoja aliyeacha kucheka akatoka kumtafuta.

"Nipo," akasema Fundi, polepole, kwa uchochoro.

"Haya, nafasi inakwenda kwa anayefuata!"

*

Jua lilikuwa linakaribia utosini mlinzi alipolinyanyua bati la mwisho.

"Bado! Bado, kaka, subiri kidogo!" Sauti ya mwanamke.

Fundi hakugeuka mara moja. Aliogopa ageuke akute ni mpita njia.

"Fundi wee! Mwanangu ameniambia hapa ni kifusi. Mbona kifusi hiki kina mtu kavaa shati la harusi?"

Alikuwa Mama Chechele, mkono mmoja kwa binti yake, mwingine kwenye fimbo, amekonda kidogo, ulimi haujakonda hata chembe. Macho ya Chechele yalikuwa mekundu. Chochote kilichosemwa ndani ya gari, kilikuwa kimesemwa.

"Karibu, dada," Fundi akasema.

"Nimekaribia. Ulinisubiri?"

"Nilikuahidi."

"Watu wanaahidi vingi." Alimtazama, kisha akageuza uso haraka. "Haya, nipandisheni. Magoti haya mkiyapa muda yatabadilisha mawazo."

Walipanda, Fundi mbele, Chechele nyuma. Kwenye kona, Mama Chechele alisimama. Kiganja chake kilikwenda moja kwa moja kwenye lile chubuko, kikakaa hapo kidogo. Hakuuliza mtu, na hakuna aliyemweleza. Wakaendelea.

Ndani hakukaa sana. Aligusa ndoano ya pazia. Kwa ncha ya fimbo alizifuata alama za miguu ya cherehani sakafuni. Alichungulia dirishani, akaona kibaraza cha kinyozi bila kinyozi. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

"Siku ile tulitoka tukaacha wazi," akasema, uso wake ukiwa kwenye mbao za mlango. "Nani angekumbuka mlango? Niliporudi peke yangu, niliukuta umefungwa. Sikuwahi kumjua aliyeufunga. Nikasema, ipo siku nitatoka humu nikijua kwamba natoka."

Fundi alimjua aliyeufunga. Akatazama viatu vyake.

Kisha akautoa ufunguo, akaufuta kwenye shati la pasi, akaukabidhi kwa mikono miwili.

Mama Chechele akafunga. Kitasa kililia mara moja, kikalia tena. Akakitikisa kuhakikisha, kama mtu anayekwenda sokoni na atarudi baadaye kidogo. Akaufunga ufunguo kwenye ncha ya mtandio wake, akakaza fundo kwa meno.

"Haya," akasema. "Sasa pamefungwa."

Chini, akamshika Fundi kiwiko.

"Na duka lako jipya liko wapi? Karibu na mlango? Upate hewa."

Chechele akafungua kinywa. Fundi akamtikisia kichwa.

"Bado sijaliona, dada."

Ilikuwa kweli tupu. Chechele alikigeukia kile kibaraza chenye karakana wazi, akakitazama kwa muda. "Nimesahau kofia ndani," akasema, akaingia, akatoka upesi bila kumwangalia mtu. Kofia alikuwa nayo kwapani tangu zamani. Mlinzi akapiga filimbi. Mama na binti wakaenda, mkono kwa mkono, polepole, na hakuna aliyegeuka nyuma, kwa sababu Mama Chechele alikuwa amekataza.

*

Fundi aliingia kuchukua vitu vyake. Vyote vilienea kwenye mfuko mmoja. Ulibaki ubao. Aliuendea mwisho, kwa makusudi, akijua ataukuta na misumari mitupu kwa mara ya kwanza tangu aupigilie ukutani.

Haukuwa mtupu.

Katikati, kwenye msumari wa Mama Chechele, palining'inia ufunguo mpya unaong'aa, wa kiwandani. Ulifungwa kwa uzi wa sufu mwekundu.

Fundi aliutoa. Kidole gumba kikaitafuta alama, hakikuikuta. Ulikuwa wa mlango asioujua, nyumba yenye lifti, mahali ambapo milango yote inafanana. Mtu wa huko alikuwa amemwachia ufunguo wa akiba.

Alikaa kwenye meza yake, akafungua tena mfuko, akatafuta tupa. Akautia mkwaruzo mdogo shingoni, kama ukucha wa mtoto. Akaupuliza vumbi.

Nje, mdomoni mwa uchochoro, injini kubwa ikanguruma. Mabati yakaanguka. Tingatinga lilikuwa la kesho, lakini lilikuwa linaingia leo, na hakuna aliyejua kama bado yumo mtu.

Ubao ukatikisika, misumari yote ikalia. Fundi alisimama na ufunguo wa watu mkononi, akitazama huku na huku apate ukuta wa kuutundikia.